Nimeambiwa nina uvimbe kwenye ini, na mume wangu anataka kuuza kiwanja

Daktari, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, wa kwanza ana miaka 13 na wa pili 9. Nina umri wa miaka 37, naishi Morogoro na ninauza vitenge sokoni. Tangu mwaka jana nasumbuliwa na maumivu ya chembe ya moyo. Yanachoma zaidi nikichelewa kula, na nikishakula tumbo linajaa gesi. Nimemeza dawa za vidonda vya tumbo za kununua dukani, zikisha tu maumivu yanarudi. Mwezi uliopita nikaenda kupima ultrasaundi kwenye kituo kimoja cha binafsi, nikidhani labda nina mawe kwenye mfuko wa nyongo.

Kijana aliyenipima alikuwa mpole tu. Alinipaka ile dawa ya baridi tumboni, akawa anapitisha kifaa chake huku tunaongea. Alipofika upande wa kulia chini ya mbavu akanyamaza. Akarudia palepale. Akaniambia vuta pumzi, bana, lalia ubavu wa kushoto. Nikaona kwenye kioo anaweka vialama viwili vya msalaba kwenye doa jeupe, anapima. Nilipomuuliza akasema, "Mama, una uvimbe kwenye ini, utaongea na daktari." Akanipa karatasi nijifute, akaita anayefuata.

Majibu yanasema mfuko wa nyongo, figo na kongosho viko sawa, na ini lenyewe halijavimba. Ila upande wa kulia wa ini kuna uvimbe wa sentimita 3.4 kwa 3, mweupe, wa mviringo, kingo zake zinaonekana vizuri. Mwishoni wameandika kuwa unaelekea kuwa hemanjioma, wakashauri kipimo kingine. Daktari niliyempelekea alisoma, akasema, "Hii siyo mbaya, njoo baada ya miezi sita," akaniandikia tena dawa za tumbo. Daktari, hiyo miezi sita tunasubiri nini? Uvimbe ukue kwanza?

Nyumbani ndiko kulikovurugika. Wifi yangu anasema uvimbe wa kwenye ini hauna jina lingine zaidi ya saratani, na kwamba madaktari hawamwambii mgonjwa ili asife kwa presha. Aliniletea dumu la lita tano la dawa ya mizizi ya kuyeyusha uvimbe. Nilikunywa kikombe asubuhi na kikombe jioni kwa wiki nzima. Nikaanza kusikia kichefuchefu, na mkojo ukawa wa rangi ya chai ya rangi. Nimeacha siku tatu sasa, ila yeye sijamwambia.

Mume wangu naye amepata mteja wa kiwanja chetu, kile tulichonunua ili tujenge. Anasema twende India wakautoe. Na mama yangu kila akinipigia simu analia, anasema ni yaleyale ya kaka yake. Mjomba alifariki nikiwa sekondari, hajafika hata miaka 40. Tumbo lilijaa maji, macho yakawa ya njano, akakonda akabaki mifupa. Wakati ule tuliambiwa amerogwa.

Naomba uniambie ukweli. Hii ni saratani? Kwa nini wasinichome sindano wakatoa kinyama kikapimwe tukajua moja? Ninameza vidonge vya majira mwaka wa nane huu, ndivyo vimeniletea? Na tulikuwa tunataka mtoto wa tatu, ndiyo basi tena?

Mama Wawili, Morogoro


JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole sana kwa mwezi mzima wa hofu. Umeomba ukweli, na ukweli ni huu: kwa jinsi ulivyoyaeleza majibu yako, uvimbe huo unafanana zaidi na hemanjioma, na hemanjioma si saratani wala haigeuki kuwa saratani. Mwambie baba watoto asiuze kiwanja.

Lakini barua yako ina mambo mawili yaliyonishtua kuliko hilo doa jeupe, nawe umeyataja kwa kupita tu. La kwanza ni mkojo wa rangi ya chai. La pili ni mjomba wako. Naanza na hayo, kwa sababu hayasubiri miezi sita.

Mkojo unaweza kuwa mweusi kwa kukosa maji tu mwilini. Ila ukiwa mweusi baada ya wiki ya kunywa dawa ya mizizi, pamoja na kichefuchefu, lazima tujue kama ini limeumia. Kila unachomeza, kiwe ugali, kidonge au mizizi, kikishafyonzwa tumboni kinapitia kwenye ini kwanza kabla hakijasambaa mwilini. Wiki hii hii nenda ukapimwe damu: vimeng'enya vya ini, bilirubini, na figo pia. Mweleze daktari waziwazi ulikunywa nini, kiasi gani na kwa siku ngapi, na kama dumu bado lipo nenda na kidogo kwenye chupa. Usione haya. Mgonjwa akificha dawa ya kienyeji daktari anaanza kutafuta ugonjwa ambao haupo. Macho yakianza kuwa ya njano, ukatapika mfululizo, au ukasikia usingizi usio wa kawaida na kuchanganyikiwa, usingoje kupangiwa siku, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Wifi yako alitaka kukuokoa, na hilo usimsahaulie. Mwambie tu kwamba hakuna mti, juisi, kidonge wala chakula kinachoyeyusha hemanjioma. Nayarudia haya kwa wasomaji wote, maana kila nikitaja ini naulizwa kuhusu limau na mafuta ya zeituni ya "kusafisha ini". Ini halina uchafu wa kusafishwa kwa njia hiyo.

Sasa mjomba. Mtu ambaye hajafika miaka 40, tumbo likajaa maji, macho yakawa ya njano, akakonda hadi kufa. Siwezi kusema kwa barua alikufa kwa nini, lakini katika nchi zetu dalili hizo kwa kijana wa umri huo zinanifanya nifikirie ini lililoharibiwa na homa ya ini B, ambayo baada ya miaka mingi huleta makovu au saratani. Virusi hivi huenea kwa damu na kwa kujamiiana, na mama mwenye navyo anaweza kumwambukiza mtoto wakati wa kujifungua. Watoto wadogo wa nyumba moja pia huambukizana. Mjomba ni kaka yake mama yako. Walizaliwa na mama mmoja, wakakua pamoja. Kama yeye alikuwa navyo, mama yako anaweza kuwa navyo bila kuumwa siku hata moja, na wewe vilevile. Chanjo ya homa ya ini B ilianza kutolewa kwa watoto wachanga Tanzania mwaka 2002, wewe ukiwa umeshavuka umri huo. Wanao wameipata, kama kliniki zao hazikukatishwa, kwa sababu imo kwenye sindano za wiki ya 6, ya 10 na ya 14.

Kwa hiyo kipimo ninachokitaka kuliko vyote, kabla ya CT (ile mashine kubwa ya kupiga picha za ndani ya mwili) na kabla ya India, ni kile cha kutazama kirusi cha homa ya ini B, kinachoitwa HBsAg. Ni damu kidogo, na majibu hutoka siku hiyohiyo. Pima na homa ya ini C wakati huohuo.

Unaweza kujiuliza homa ya ini inahusiana vipi na doa ambalo nimeshasema linafanana na hemanjioma. Inahusiana sana. Doa jeupe, la mviringo, lenye kingo safi, likionekana kwenye ini lenye afya la mtu asiye na homa ya ini wala historia ya saratani mahali pengine, karibu kila mara ni hemanjioma. Doa hilohilo kwenye ini lenye makovu au la mtu mwenye homa ya ini B haliwezi kupewa jina kwa ultrasaundi peke yake, kwa sababu saratani changa ya ini nayo wakati mwingine huonekana nyeupe. Majibu ya damu yako ndiyo yatakayotuambia tuisome vipi picha uliyonayo mkononi.

Hemanjioma yenyewe ni mkusanyiko wa vijimishipa vya damu vilivyotanuka na kujikunja pamoja ndani ya ini, damu ikipita humo polepole. Huonekana nyeupe kwenye ultrasaundi kwa sababu sauti ya kifaa hugonga kuta nyingi za vijimishipa hivyo na kurudi kwa nguvu. Ndio uvimbe wa kawaida kuliko wote kwenye ini. Tafiti zinatofautiana, lakini kadirio linalotajwa sana ni kama watu 5 katika kila 100. Huonekana zaidi kwa wanawake, hasa kati ya miaka 30 na 50. Wengi wanaishi nazo na kuzeeka nazo bila kujua, na wanaozijua hugundua kama ulivyogundua wewe, wakitafuta kitu kingine kabisa. Pale sokoni mnapouza vitenge, hakika hauko peke yako.

Kwa nini basi wakashauri kipimo kingine? Kwa sababu wako umepita sentimita 3, na uvimbe unapozidi hapo picha ya ultrasaundi pekee huwa haituridhishi sana, hata kama ini ni zima. Kipimo chenyewe ni CT au MRI, ila lazima kiwe cha kuchomwa dawa kwenye mshipa, kisha picha zipigwe kwa awamu: mara dawa inapofika kwenye ini, baada ya dakika moja hivi, na tena baada ya dakika kadhaa. Hemanjioma hujaa dawa polepole kuanzia pembeni kuelekea katikati, kama maji yanavyoingia kwenye jaruba la mpunga. Saratani ya ini hufanya kinyume: hunyonya dawa haraka na kung'aa mapema, kisha dawa huondoka upesi uvimbe ukabaki mweusi kuliko ini linaloizunguka. Msomaji mzoefu wa picha akiona ile ya kwanza, anaandika jina bila kusita. CT isiyo na dawa haitakusaidia kwa swali hili, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa. Na kwa kuwa mnatafuta mtoto, hakikisha huna mimba siku ya kwenda kupigwa CT. Kama unayo, sema, utapangiwa njia nyingine.

Daktari wako hakukosea kusema siyo mbaya. Alichopungukiwa ni kukueleza. Miezi sita ni kipimo chenyewe: hemanjioma ukiipima leo na baada ya miezi hiyo utaikuta karibu vilevile, wakati saratani ya ini katika muda huo kwa kawaida hubadilika. Hata hivyo, kwa sababu ya mjomba wako, mimi nisingengoja. Ningepima homa ya ini sasa na kupiga picha ya dawa sasa. Picha ikithibitisha hemanjioma na damu ikiwa safi, hutahitaji kurudi kila mara kuupima. Unauacha, unaendelea na maisha. Wagonjwa wengi neno hilo la "tuache" huwaumiza, wanaona wametelekezwa. Mwanangu, kuacha nako ni uamuzi wa kitabibu, na kwa hemanjioma ndio uamuzi sahihi kwa watu karibu wote.

Suala la sindano. Naelewa kiu yako ya kujua moja, lakini hemanjioma ni damu tupu, na sindano inaweza kusababisha ivujie ndani ya tumbo. Kwa kuwa picha nzuri hutoa jibu bila kuchoma, hatuchomi. Kinyama huchukuliwa pale picha zinaposhindwa kukubaliana, na hapo huamua bingwa, sindano ikiongozwa na ultrasaundi au CT. Ukikutana na mtu anayetaka kuchoma ini lako siku ya kwanza, kabla ya picha ya dawa, uliza kwanza kwa nini.

Nije kwenye vidonge vya majira, maana swali hili lina msingi. Mwaka 1973 jarida la kitabibu la Uingereza, Lancet, lilichapisha taarifa ya wanawake waliokuwa wakitumia vidonge vya uzazi wa mpango na wakapata uvimbe wa ini ambao si saratani. Uvimbe huo unaitwa adenoma, nao ni tofauti na hemanjioma. Unatokana na seli za ini zenyewe, na homoni ya estrojeni huuchochea. Vidonge vya zamani vilikuwa na estrojeni nyingi kuliko vya leo. Hata hivyo adenoma ni nadra: makadirio ni wanawake 3 hadi 4 katika kila 100,000 wanaotumia vidonge kwa muda mrefu. Tunauogopa kwa sababu mbili: ukiwa mkubwa unaweza kupasuka na kumwaga damu, na aina chache zake zinaweza kugeuka saratani. Mwenye adenoma huambiwa aache estrojeni, apunguze uzito kama umezidi, kisha apimwe tena baada ya miezi 6. Kwa mwanamke, ukiendelea kuzidi sentimita 5 hukatwa. Kwa mwanaume hukatwa hata ukiwa mdogo, kwa kuwa kwake hatari ya saratani ni kubwa zaidi. Na hapa niseme na vijana wa gym wanaojichoma homoni za kutunisha misuli: homoni hizo nazo huleta adenoma.

Kwako wewe, picha ikionyesha hemanjioma, vidonge havikuleta uvimbe huo na hakuna sababu ya kuviacha kwa ajili yake. Ila kama vidonge vyako vina estrojeni na jibu la CT halijatoka, mwombe nesi wa uzazi wa mpango akubadilishie kwa muda njia isiyo na estrojeni, kama kitanzi cha shaba, au mtumie kondomu. Usikatize kimyakimya kesho ukajikuta na mimba kabla hujajua ulichonacho.

Upo uvimbe wa tatu wa jamii hii, ambao wataalamu huuita FNH kwa kifupi. Seli za ini zinajipanga upya kuzunguka mshipa wa damu usio wa kawaida, mara nyingi zikiacha kovu katikati. Nao huwapata zaidi wanawake, haugeuki saratani, na ukithibitishwa huachwa.

Kuna wasomaji watakaoiona barua hii wakiwa wameandikiwa "kifuko cha maji" kwenye ini. Kifuko cheusi tii kwenye ultrasaundi, chenye ukuta mwembamba na hakuna kitu ndani, huwa hakina shida. Lakini kama unatoka katika jamii za wafugaji wanaoishi karibu na mbwa, Turkana kule Kenya au kwa Wamasai wa kaskazini mwa Tanzania, na kifuko kina ukuta mnene au vifuko vidogo ndani yake, mwambie daktari unakotoka. Huenda ni mayai ya mnyoo wa mbwa yaliyoingia mwilini na kukua. Kifuko cha namna hiyo kikichomwa ovyo, maji yake yanaweza kuleta mzio wa kuua na kusambaza mnyoo tumboni. Yana matibabu yake, kwa albendazo na njia nyingine za hospitali. Na mwenye homa kali na maumivu makali chini ya mbavu za kulia, hilo ni suala la usaha kwenye ini mpaka ithibitishwe vinginevyo, si la kukaa nalo nyumbani.

Turudi kwako, mwanangu, kwenye lile lililokupeleka kupima: chembe ya moyo. Naogopa kwamba doa hili limefanya kila mtu asahau tumbo. Hemanjioma ya sentimita 3.4 mara chache sana huuma. Maumivu yanayochoma ukiwa na njaa, gesi baada ya kula, dawa zikisha yanarudi, hayo ni ya tumbo lenyewe, na mara nyingi kuna bakteria anayeitwa H. pylori. Omba upimwe kwa choo, na ukikutwa naye umalize dozi nzima ya antibayotiki, usinunue vidonge vya siku tatu dukani. Kipimo hicho kinaweza kudanganywa na dawa za kupunguza asidi kama omeprazo, kwa hiyo uliza uziache muda gani kabla ya kupima. Nisingependa uje ukatwe ini kwa maumivu yanayotoka tumboni.

Mtoto wa tatu? Hemanjioma haizuii mimba. Wanawake wengi wenye nayo wamebeba mimba na kujifungua salama. Ninachotaka kijulikane kabla hujabeba ni homa ya ini B, kwa sababu mama akijulikana mapema mtoto anaweza kukingwa tangu siku anazaliwa.

Baba watoto anastahili kuelezwa vizuri, maana anayetaka kuuza kiwanja chake ili mkewe apone ni mwanaume mwenye upendo. Mwambie hivi: hemanjioma haikatwi kwa sababu tu ipo. Hata ikifika sentimita 10, ambayo ndiyo huitwa kubwa, haikatwi kwa ukubwa peke yake. Upasuaji ni wa wachache ambao uvimbe wao unawaumiza kweli, unabana viungo vya jirani au unakua kwa kasi. Na kukata ini ni operesheni nzito, si ya kufanyiwa mtu mzima wa afya kwa sababu ya hofu. Picha mnayoihitaji inapatikana hapa nchini. Hospitali nyingi za rufaa za mikoa siku hizi zina CT, na zikitaka msaada zitakuandikia barua ya kwenda Muhimbili, au Benjamin Mkapa pale Dodoma. Kama mna bima, waulize kabla ya siku ya kipimo inalipa nini.

Siku ya kumwona daktari nenda na picha zenyewe, siyo karatasi ya majibu peke yake. Nenda na mume wako pia. Mwulizeni: ini lililobaki linaonekanaje, lina makovu au mafuta? Huu uvimbe una jina gani, na una uhakika kiasi gani? Kama ni wa kuachwa, ni jambo gani litakalonirudisha hapa? Daktari akijibu hayo matatu mtarudi nyumbani na kitu cha kumweleza wifi.

Ikitokea HBsAg ikasoma kwamba unavyo, usilie ukadhani ndiyo mwisho wa mjomba umekufikia. Yeye alifika hospitali tumbo limeshajaa. Wewe utakuwa umejua mapema, na hiyo ndiyo tofauti kubwa kuliko zote. Utapimwa wingi wa virusi na hali ya ini, na kama unastahili dawa utaanzishiwa tenofovia, inayozuia virusi kuliharibu ini. Doa lako litasomwa kwa makini zaidi, CT au MRI ya dawa haitakuwa ya kujadiliana, na utapangiwa ultrasaundi kila miezi 6, pengine pamoja na kipimo cha damu cha AFP. AFP ikiwa ya kawaida isikupe usingizi wa moja kwa moja, kwa maana zipo saratani za ini ambazo haziipandishi. Punguza pia yanayoliumiza ini: pombe, na mahindi au karanga zenye ukungu. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, ikikutana na homa ya ini B, hatari ya saratani hupanda sana. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, kwa hiyo karanga iliyosinyaa na kubadilika rangi usiioshe ukaipika, itupe.

Ikisoma kwamba huna, omba chanjo. Ni sindano tatu: ya leo, ya baada ya mwezi mmoja na ya mwezi wa sita. Mume wako naye apime. Kirusi hiki hakienezwi kwa kula sahani moja wala kwa kupeana mikono, kwa hiyo yeyote atakayekutwa nacho nyumbani asitengewe kikombe. Kinachotengwa ni wembe, mswaki na kikata kucha.

Na mama yako. Ukimaliza kusoma hapa mpigie simu, umwambie apime HBsAg, yeye na ndugu zake wote waliobaki wa tumbo moja. Mwambie wewe umeelekezwa hivyo na daktari, ili asione ni aibu ya ukoo.